Aironi zinakwenda kushoto, draiva inanyooka: kabla hujailaumu swingi (mpigo) yako, pima fimbo ya gofu (Arusha/Moshi)

#1 Mwana_Themi

Wakuu, nimetoka uwanjani sasa hivi, viatu bado vina majani. Naandika kabla hasira haijapoa.

Miaka miwili nimekuwa naulaumu mwili wangu kwa kosa la chuma.

Mwaka juzi kuna mzungu alimaliza mkataba wake hapa mjini, akawa anauza vitu vyake vyote pale Njiro: makochi, friji, baiskeli ya mtoto, begi la gofu. Mimi nilifuata friji. Nikakuta imeshachukuliwa, nikarudi nyumbani na begi la gofu. Laki nne na nusu, aironi (fimbo za kichwa cha chuma) kuanzia namba 4 mpaka wedji (fupi, ya karibu), draiva (ndefu, ya mbali) na puta (ya kusukumia shimoni). Mke wangu akaniuliza nyama tutagandishia kwenye ipi kati ya hizi. Sikuwa na jibu.

Mwenye fimbo alikuwa mrefu, mlangoni anapita ameinama. Mimi nina futi tano na inchi sita, hapo nimevaa viatu. Kumbukeni hilo.

Nikajifunzia fimbo hizo hizo. Draiva ikanipenda, mpira unanyooka kama uzi. Lakini aironi namba 7 inaanza kushoto na kubaki kushoto, namba 9 kushoto zaidi, na wedji ndiyo usiseme, mita 80 tu naikosa grini (majani mafupi yenye shimo) nzima. Nikalipia masomo. Mwalimu akanibadilisha mshiko, akanisogeza miguu, akaniambia bega linafunguka mapema. Nikatii yote. Mpira ukaendelea kwenda kushoto, ila sasa kwa mtindo mzuri zaidi.

Jumanne nikapangiwa kedi (mbeba begi) mmoja mtu mzima. Mashimo matatu hakusema neno. La nne akachukua aironi 8 yangu, akaigeuza wayo juu, akaisogeza kwenye jua: "Kijana, tazama panapong'aa." Upande wa kisigino, karibu na mti wa fimbo, ulikuwa umelika mpaka chuma cheupe, upande wa ncha bado mpya kabisa. Akatoa maka peni mfukoni, akachora mstari mnene kwenye mpira, akautega mstari ukiwa wima na umeutazama uso wa fimbo. "Piga."

Nikapiga. Wino ulihamia kwenye uso wa fimbo. Ila mstari haukusimama. Ulikuwa umelala, kichwa chake kimeinamia kwenye ncha. Nikapiga mipira mitano, mara tano vilevile.

Akasema: "Fimbo hii imesimama mno kwako. Ukifika kwenye mpira ncha inaangalia juu, na uso unaangalia kushoto."

Sasa nazifanyaje? Nikate? Nikunje? Niuze? Wenye uzoefu wa kujenga na kurekebisha fimbo shusheni nondo.

#2 mzee_wa_Kibosho

Chuga mna raha. Sisi huku fimbo tunazozijua ni za kuchungia mbuzi na ya mwalimu wa hesabu. Zote zilikuwa zinalenga vizuri tu.

Napita, nitarudi.

#3 Injinia_Kijenge

Mkuu, nimesoma nikataka kubisha, nikachukua kikokotoo, nikanyamaza.

Wengi hawaelewi kwa nini draiva inanyooka na wedji inapotea wakati mpigaji ni yule yule. Chukua daftari, lisimamishe mbele yako wima kama ukuta. Liinamishe kulia, liinamishe kushoto. Uso bado unatazama mbele, sivyo? Sasa lilaze nyuma kama paa la nyumba, halafu inua upande mmoja. Uso umegeuka, unatazama pembeni. Basi lofti ndiyo huo ulalo wa paa. Kadiri fimbo inavyolala nyuma, ndivyo kosa la lai linavyougeuza uso.

Kwa wasiojua: lai ni pembe kati ya shafti (mti wa fimbo) na ardhi wayo ukiwa umetulia chini. Tuseme yako imezidi digrii 3. Draiva ya lofti 10 uso unageuka nusu digrii, huwezi hata kugundua. Aironi 7 yenye lofti 34 unageuka digrii 2, na kwa mita 140 hiyo ni karibu mita 5 kushoto kabla mpira haujaanza kujikunja wenyewe. Wedji ya 48 unageuka digrii 3 na kitu.

Kwa hiyo anayekosa kushoto kwa fimbo zote, draiva ikiwemo, huyo akatafute mwalimu. Ambaye kosa lake linakua kadiri fimbo inavyofupika, achukue maka peni kwanza.

Ila tuwe wakweli. Kwa mita 80 hesabu inakupa mita 4 na nusu. Grini nzima uliikosa mwenyewe, hiyo usimbebeshe mzungu.

#4 Mwana_Themi

Nimekubali hahaha. Nabaki na mita 4 na nusu zangu.

#5 Kedi_Mstaafu

Vijana hamjambo.

Nimebeba mabegi tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Sasa magoti yamekataa, nakaa barazani Ngarenaro natengeneza fimbo za makedi na za mabosi wao. Huyo kedi mwenzangu kakwambia kweli. Lakini usikimbilie kukunja. Urefu na lai ni ndugu wa tumbo moja, huwezi kumgusa mmoja mwingine asistuke.

Lete aironi 7. Isimamishe sakafuni kama unataka kupiga, wayo utulie, halafu weka futi nyuma ya shafti, kuanzia kisigino kinapogusa chini mpaka mwisho wa gripu (mpini). Niambie inchi ngapi.

#6 Mwana_Themi

Shikamoo mzee. Nimepima mara tatu. Inchi 37 na nusu.

#7 Kedi_Mstaafu

Marahaba.

Namba 7 ya shafti ya chuma kwa kawaida inazunguka kwenye inchi 37. Mwenyewe aliagiza iongezwe nusu, na bila shaka aliagiza isimamishwe pia, kwa kuwa mtu mrefu mikono yake inakaa juu. Wewe mikono yako iko chini, fimbo inalala, ncha inaruka. Ndiyo habari yote.

Ukipunguza nusu inchi juu kwenye gripu, mikono inasogea na fimbo inacheza kama imelazwa digrii moja hivi, na hujakunja kitu. Kwa hiyo kata kwanza, kisha rudia mtihani wa maka peni. Kama mstari bado umelala ndipo tuzungumze kukunja. Wengi wanaanza na kukunja, baadaye wanakata, na mambo yote yanaharibika upya.

Halafu niambie kichwa ni cha kufuliwa au cha kumiminwa kwenye kalibu. Chuma laini cha kufuliwa kinakubali kukunjwa. Cha kumiminwa kinategemea madini yake, kingine ni kigumu na kinaweza kukatika shingoni bila kukuaga.

#8 Chalii_wa_Sakina

Mzee si atumie sumaku? Nilisikia ikinasa ni kile laini.

#9 Kedi_Mstaafu

Umesikia vibaya. Chuma laini kinanasa, na zile pua ngumu wanazotumia kumimina vichwa nyingi zinanasa vilevile. Sumaku itakudanganya. Soma maandishi ya kichwani, kiwanda kikifua kichwa huwa kinajivunia na kinaandika.

#10 Mwana_Themi

Imeandikwa "Forged" (ya kufuliwa) hapo karibu na shingo, imefutika nusu.

#11 Kedi_Mstaafu

Mungu kakupenda.

#12 FundiChuma_Unga

Mkuu nipo Unga Limited, nina jiliwa kubwa, bomba la inchi moja na nusu, na gesi. Lete hizo fimbo, nusu saa umemaliza. Nimekunja mabampa ya Landcruiser, zinishinde hizo?

#13 Chalii_wa_Sakina

USIPELEKE.

Mwaka jana nilimpa fundi mmoja (si huyu, na jina nalihifadhi) aironi zangu akaniahidi hivyo hivyo. Akapiga moto wa gesi shingoni. Namba 5 rangi ya krome ikageuka bluu na zambarau kama mafuta ya dizeli juu ya maji, gundi ndani ikaungua, kichwa kikaanza kucheza. Namba 6 akaibana kwenye jiliwa moja kwa moja, meno yakaacha alama usoni, akavuta na bomba. Nilisikia tik. Si kishindo, tik tu, kama kuvunja chaki. Mpaka leo begi langu linaruka kutoka 5 kwenda 7.

#14 FundiChuma_Unga

Pole mkuu. Sasa naomba kujifunza, mzee wa Ngarenaro, nifundishe. Mashine yenyewe inafanyaje?

#15 Kedi_Mstaafu

Ukiuliza hivyo nakujibu kwa moyo mmoja.

Mashine yenyewe haina uchawi. Ina meza nzito. Kichwa kinakaa kwenye kibano kilichokatwa kufuata umbo lake, na panapogusa chuma cha fimbo panakuwa na shaba au kitu laini ili pasichubuke. Kinabanwa kwenye uso na wayo, hakisogei hata unywele. Juu kuna kipimo cha digrii kinachosoma shafti, kingine kinasoma uso. Halafu kuna mwenzo (mkono wa kuvutia) wenye mdomo wa shaba unaoshika shingo chini kabisa, karibu na kichwa. Unavuta polepole, kwa baridi, moto hauhusiki kabisa. Unavuta, unaachia, unapima, kwa kuwa chuma kinarudi kidogo ukikiachia. Unavuta tena.

Kosa la mwenzio lilikuwa matatu: moto, kubana bila shaba, na kuvuta bila kipimo. Alikunja kwa macho. Digrii moja macho hayaioni.

Na angalia lofti. Mtu akivuta vibaya kwenye lai anaigeuza na lofti. Ukiipunguza lofti digrii moja umepunguza na baunsi (wayo unavyotokeza chini ya makali) digrii moja, yaani wayo unachimba zaidi. Wedji ya namna hiyo ukiipeleka uwanjani wakati wa masika inazama kwenye tope kama jembe. Kiangazi ardhi ikikauka hutaona shida sana.

#16 Mama_Wedji

Hamjambo Arusha. Mimi ni wa Moshi, nacheza pale Moshi Club, na siku moja moja TPC.

Kero yangu ni nyingine. Fimbo zangu zilikuwa za mume wangu. Aliponunua mpya, zile za zamani akazikata inchi moja na nusu akanipa, "haya mama, zako hizi." Tangu siku hiyo napiga kama nashika ufagio wa chelewa. Sijisikii kichwa kiko wapi. Mara napiga ardhi kwanza, mara napiga juu ya mpira. Wanawake wengi hapa klabuni wamepewa fimbo za kukatwa hivyo na wote tunaambiwa tatizo ni mikono yetu haina nguvu.

#17 Kedi_Mstaafu

Dada yangu, mikono yako haina kosa.

Ukikata fimbo juu, kichwa kinakuwa chepesi mkononi ingawa uzito wake haujabadilika. Kila nusu inchi inapoteza pointi kama tatu za uzito wa swingi, yaani uzito wa kichwa unaousikia mkononi ukipiga. Wewe umepoteza tisa. Na shafti ikifupishwa inakuwa ngumu kidogo kuliko ilivyokuwa, kwa hiyo umepewa fimbo nyepesi kuliko ya kike na ngumu kuliko ya kiume.

#18 Injinia_Kijenge

Dada, hii unaweza kuipima mwenyewe nyumbani, wala huhitaji ile mizani maalumu ya uzito wa swingi.

Ipime fimbo kwa gramu. Halafu ilaze juu ya kingo ya rula mpaka itulie bila kuanguka upande wowote, weka alama hapo. Pima kutoka mwisho wa gripu mpaka kwenye alama, kwa inchi. Toa 14, kwa sababu mizani yenyewe ina mhimili inchi 14 kutoka mwisho wa gripu. Kinachobaki zidisha kwa gramu. Ukipata 6,050 hiyo ni D0, jina la ngazi ya uzito wa swingi. Kila 50 inayozidi ni pointi moja juu, kila 50 inayopungua ni pointi moja chini. Chini ya D0 ni C9, C8, unashuka hivyo.

#19 Mama_Wedji

Nimetumia mizani ya kupimia unga wa keki. Namba 7 ina gramu 418. Imetulia inchi 27.4. Nikitoa 14 inabaki 13.4, mara 418 napata 5,601.

#20 Injinia_Kijenge

C1. Pole sana.

Fimbo nyingi za kiume zinatoka kiwandani kwenye D0 mpaka D2. Za kike kwenye C za katikati. Mume wako kakutengenezea fimbo ya mtoto yenye shafti ya baba.

#21 Mama_Wedji

Namsomea hii sasa hivi yuko mezani anakula.

#22 Dalali_Mawe

Wakuu, mimi ni mtu wa mawe, gofu siijui, ila kwenye mizani naomba niingie. Kama kichwa cha fimbo ya dada kimekuwa chepesi, naona mtahitaji gramu chache za kuongeza. Sisi tunapima kwa karati, na karati 5 ni gramu 1. Kimizani changu cha mfukoni kinasoma mpaka sehemu ya mia ya karati. Anayehitaji aje nimpimie bure.

#23 Kedi_Mstaafu

Asante dalali. Kwa urefu wa kawaida gramu 2 kichwani ni pointi moja, karati 10 kwa lugha yako. Kwa fimbo fupi kama ya huyu dada inahitaji zaidi kidogo. Dada anza na gramu 10 za risasi, uzibandike kichwani.

#24 Dalali_Mawe

Karati 50. Ningekuwa na Tanzanite ya karati 50 safi nisingekuwa naandika hapa saa sita usiku.

#25 Mama_Wedji

Na hiyo risasi ya kubandika nitaipata wapi Moshi?

#26 Chalii_wa_Sakina

Dada, nenda kwa watu wa tairi wanaofanya balansi. Vile vipande wanavyobandika ndani ya rimu vina gundi nyuma na vina uzito umeandikwa, gramu 5, gramu 10. Mia tano tu unapewa, ukicheka vizuri unapewa bure.

#27 Kedi_Mstaafu

Hiyo ni ya majaribio tu. Bandika nyuma ya kichwa, chini, piga mipira hamsini, ongeza, punguza, mpaka mkono ukubali. Ukishajua gramu zako tafuta utepe mwembamba wa risasi wa gofu ulale bapa. Kipande cha tairi kikiwa kimetokeza kama uvimbe usiende nacho mashindanoni. Na utepe ukishaanza raundi usiubandue wala usiuongeze. Ukiibadilisha fimbo katikati ya raundi kisha ukapigia, unatolewa.

#28 Mama_Wedji

Gramu 10 nimebandika namba 7 peke yake. Nimeenda asubuhi na mapema kabla ya watu. Jamani. JAMANI. Nimesikia kichwa kikishuka chenyewe. Kati ya mipira ishirini niligonga ardhi kwanza mara tatu. Jana ilikuwa nusu ya mipira.

Baba watoto ameahidi shafti mpya nyepesi za wanawake kwa fimbo zote. Ameahidi mbele ya mama yake.

#29 Boma_Ngombe_Golfa

Niulize na mimi. Nacheza Moshi, nikija Arusha namba 8 yangu inapita grini. Nimebadilisha shafti mwezi uliopita kwa hiyo nadhani shafti ndiyo imeniongezea. Ni kweli?

#30 Injinia_Kijenge

Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya bahari, Moshi iko chini kwa mita mia tano na zaidi. Hewa ikiwa nyepesi mpira unakwenda mbali, lakini tofauti ya hapa na hapo kwenu ni kama asilimia 2. Kwa namba 8 hizo ni mita mbili tatu. Anayetoka Dar kuja huku ndiye anayeruhusiwa kushangaa, yeye anapata kama asilimia 5.

Kama unapita kwa mita kumi, msiusingizie mlima. Wala shafti sidhani. Pima lofti.

#31 Kedi_Mstaafu

Na kuhusu shafti, zile herufi R na S za ugumu wake zisikupeleke mbio. Hakuna kipimo kimoja ambacho viwanda vyote vimekubaliana. R ya huyu inaweza kuwa S ya yule. Jaribu kwa mkono.

#32 Chalii_wa_Sakina

Kwenye shafti nina ushuhuda. Nilinunua kichwa cha draiva cha mtumba soko la Memorial pale Moshi, nikapata shafti ya mtu mwingine, nikajifungia chumbani kujenga mwenyewe. Nikatumia ile gundi ya dakika tano ya kubandikia soli za viatu. Siku ya pili nikaenda uwanjani.

Shimo la tatu. Nikapiga. Mpira ukaenda, na kitu cheusi kikaupita mpira hewani. Kilikuwa kichwa. Kilitua mbele ya mpira wangu kwa hatua kama kumi. Kedi akauliza anipigie hesabu ya kipi.

#33 Kedi_Mstaafu

Nimecheka mpaka nimekohoa.

Gundi ni epoksi ya fimbo, ile ya mirija miwili, changanya sawa kwa sawa. Kabla ya hapo kwangua ncha ya shafti kwa msasa mpaka mng'ao uishe, na ndani ya shingo utoe gundi ya zamani yote, ufute kwa spiriti. Ukishaunganisha zungusha kichwa ndani ili gundi ienee, kisha iache saa 24 bila kuigusa. Julai yetu hii ya Arusha, baridi inachelewesha gundi, mimi naziacha siku mbili chumba cha ndani karibu na jiko.

Halafu pima unene wa ncha. Shafti za aironi ziko za 0.355 ya inchi zinazochongoka na za 0.370 zilizo sawa. Ya 0.370 haiingii kwenye shingo ya 0.355, na usilazimishe kwa nyundo. Ya 0.355 kwenye shingo kubwa inaingia lakini inayumba, bila kijazio ndani kichwa kitakaa upande.

Shafti ya kaboni ukiitoa usiizungushe kama ya chuma. Joto kidogo, kisha vuta moja kwa moja. Ukizungusha nyuzi zinachanika ndani na nje haionekani kitu.

#34 Mwana_Themi

Wakuu, narudi na mrejesho wa kwanza.

Jana usiku nimekata. Nilimwazima jirani fundi bomba kile kikatio cha kuzungusha, kinakata shafti ya chuma safi kabisa. Gripu za zamani nimezichana kwa kisu, chini yake kulikuwa na utepe umekauka kama gome la mti, nimeukwangua kwa kucha saa nzima. Utepe mpya wa pande mbili, petroli kidogo ndani ya gripu, ziba tundu kwa kidole, tikisa, mwagia juu ya utepe, sukuma haraka kabla haijakauka. Ya kwanza ilinasa katikati, nikaichana, elfu kumi na tano ikaenda. Ya pili ikaingia kama mguu kwenye soksi.

Harufu ya petroli ilijaa mpaka chumbani. Mke wangu alizima jiko la mkaa mwenyewe, akahamia kwa dada yake na sufuria ya wali.

Nilipima uzito wa swingi kabla na baada kwa hesabu ya Injinia. Ilikuwa D4, sasa D1. Mzee sijaongeza risasi.

#35 Kedi_Mstaafu

Usiongeze. Ilikuwa nzito kwa sababu ya urefu, sasa imerudi kwao.

Gripu ukiishika kwa mkono wa kushoto, vidole viguse kidogo nyama ya kiganja. Vikizama gripu ni nyembamba, visipofika ni nene.

#36 Mwana_Themi

Vinagusa. Na mtihani wa maka peni nimerudia: mstari umeinuka lakini bado umeinama kidogo kwenye ncha.

#37 FundiChuma_Unga

Mkuu, mimi sijalala kabisa na hii kitu. Nimechonga vibano viwili vya shaba, nimetengeneza meza kwa chuma cha reli ya zamani, na nimefunga kipimo cha digrii cha mafundi aluminiamu. Mzee wa Ngarenaro alikuja jana akaangalia, akanifanya nichonge mdomo wa mwenzo upya mara mbili. Nahitaji fimbo ya kufia.

#38 Chalii_wa_Sakina

Chukua zangu. Zimeshakufa moja.

#39 Kedi_Mstaafu

Nilikuwepo. Namba 8 ya chalii tumeikunja digrii moja, tukairudisha, tukaikunja mbili. Haikulia. Kibano hakijaacha alama. Fundi ana mkono mzuri akiacha papara.

#40 Mwana_Themi

Mrejesho wa pili, Jumapili.

Ijumaa tumezilaza zote digrii 2, kuanzia 4 mpaka wedji. Nilikuwa nimefumba macho. FundiChuma anavuta, mzee anasoma kipimo, "bado... bado... acha." Wedji ilirudi kidogo, ikavutwa tena. Hakuna iliyosema tik.

Leo nimekwenda nazo. Mstari wa wino kwenye 7, 8 na 9 umesimama kama nguzo ya umeme. Mlio wenyewe umebadilika, ule mlio wa bati umeondoka.

Sasa shida. Mpira unakwenda KULIA. Unakwenda kulia umenyooka, mzuri, wa juu, lakini kulia. Nimemwomba kedi asimame nyuma yangu aangalie miguu. Kwa draiva nasimama sawa. Nikishika aironi tu, miguu na mabega vinageuka vyenyewe kulenga kulia. Miaka miwili nimekuwa nauelekeza mwili kulia ili kukimbia kushoto, na sikujua.

#41 Kedi_Mstaafu

Haya. Sasa ndiyo urudi kwa yule mwalimu.

#42 Mwana_Themi

Nimempigia. Alicheka kama dakika mbili kisha akasema Jumatano saa kumi na moja.

#43 Boma_Ngombe_Golfa

Nimepima lofti kwa FundiChuma. Namba 8 yangu ni digrii 33. Namba 7 ni 33 na nusu. Nimekuwa nabeba fimbo mbili zinazofanya kazi moja.

#44 FundiChuma_Unga

Njoo Jumamosi. Uje na shaba kama unayo, imeniishia.

#45 mzee_wa_Kibosho

Nimerudi. Nimesoma uzi wote mpaka chai imepoa. Swali moja: friji mlishanunua?

#46 Mwana_Themi

Bado mzee wangu.